Kifaru Chako Kimerudi

Papa,

Matanga tuliyaondoa juzi. Tonton, mdogo wako, alikuja na watu wa ukoo wakagawana vitu vyako kama desturi inavyotaka: redio zilizopona, redio zilizokuwa bado wagonjwa, vyombo vyako vya ufundi, hata koti. Sikugomba. Niliomba kitu kimoja tu, kile kifaru cha vita cha kuchezea. Tonton alikigeuzageuza, akauliza kinafanya kazi gani. Nikamjibu kinazama. Akanipa.

Unakumbuka kilivyofika? Mteja aliyekileta kutoka Ulaya alihamia Kinshasa, akakuachia kikiwa kimekufa. Ulikifufua, kikaanza kuzunguka sebuleni kwa kuongozwa na kile kidude chenye antena. Mtu mwingine angetosheka. Wewe ukataka kiogelee. Mama alisema watu wote wa Kisangani wanatafuta chakula, bwana wake anakitafutia kifaru mtumbwi.

Papa Bolema, mpiga kasia wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ndiye aliyekichongea tumbo la kombo-kombo, ule mti mwepesi. Akakuagiza ulifanye kama mtumbwi mpya: ulilaze kwanza majini, lisije likapasuka kwa jua. Ukatii. Tulipolitoa, lilikuwa limekunywa maji mpaka likawa zito kuliko kifaru chenyewe. Tulikishusha mtoni kikazama polepole, kwa heshima, kama chef wa kijiji anayeketi kitini. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope.

La pili ulilipaka utomvu wa mpira. Ukakata sandali zangu za zamani, ukabandika vipande kwenye minyororo ya magurudumu yake ili vipige maji kama kasia. Kikaelea, kikaenda. Lakini kila kilipogeuka kurudi, kilipinduka.

Siku ile askari alipotukuta kwenye mto Tshopo, antena mkononi mwako na kifaru majini, nilijificha nyuma yako. Watu wamepotea kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Citoyen, hii njo nini?"

"Chef, iko kifaru. Lakini inaogopa maji."

Akacheka, Mungu ambariki. Akakaa kutazama, kisha akauliza mbona kinaenda tu, hakirudi. Nawe ukamjibu, macho yako yako mtoni: "Kuenda, ata majani inaenda. Kurudi njo kazi."

Halafu ile homa. Ulikwenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, ukinitania njiani kwamba natembea kama bibi harusi. Mimi nilirudi na viatu vyako. Papa, sikujua la kufanya navyo. Bado viko mlangoni, na Mama anavipita kila asubuhi bila kuvigusa.

Jana tulishuka Tshopo, mimi na yeye, pale maji yanapotulia. Nilikuwa nimeung'oa ule mzinga wa chuma. Najua ulikataa, ulisema kifaru bila mzinga ni sanduku la sabuni. Lakini ndio uliokuwa unakielemea. Nimekiwekea bua la jani la mpapai, jepesi, lina tundu ndani, ukilitazama kwa mbali huwezi kujua.

Kilikwenda. Nilipokigeuza kiliinama upande, Mama akanishika mkono kwa nguvu. Kikatulia. Kikaja, Papa, kikipiga maji kwa sandali zangu, mpaka miguuni petu. Mama, yule aliyekucheka, alikiinua akakifuta kwa liputa lake, kitenge alichojifunga, kama mtoto aliyetoka kuoga.

Nami nikageuka nyuma kukuonyesha.

Hapo ndipo nilipolia. Tangu hospitali sikuwa nimelia.

Nenda salama, Papa. Mzinga wako nimeufukia pale ulipolala, upande wa kichwa, usije ukasema nimekupora. Viatu nitavitoa mlangoni, nimpe Papa Bolema, maana miguu yenu ni sawa. Wewe sitakungoja tena. Lakini kifaru nitakishusha kila maji yakipungua, na sitaondoka ukingoni mpaka kirudi.

Mwanao,
Zaina