Mbuzi Niliyemshinda kwa Karata

Msamvu, Morogoro, Alhamisi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Kabla ya lolote niambie mguu umeponaje, ule ulioukata kwa jembe, na kama bado unaukanyagia ilhali mama mkubwa amekukataza. Mimi mwili ni mzima. Mengine sijui niyaandikeje. Tangu Zaina afariki masika yaliyopita, asubuhi bado natenga vikombe viwili, kisha narudisha kimoja.

Uliuliza mke wangu hayupo, sasa ninakula nini huku, na kwa nini sirudi Pangani. Nitakujibu bila kuficha, ila soma ukiwa umekaa.

Shamba la kule milimani sinalo tena. Huku kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Ile ilikuwa ya akina Zaina, nami niliilima kwa ajili yake. Arobaini ilipokwisha, mjomba wake alinijia kwa upole, akasema, "Mkwe, vuna mahindi yako yote, usiache hata bua. Kisha udongo utuachie." Hakunionea, desturi yao niliijua tangu naoa. Nikavuna, nikateremka mjini. Na ukarani wangu wa reli nao ulikwisha zamani, maana reli imesonga mbele na makarani wake.

Basi nikapanga kuishi kwa karata.

Najua utasema ni kamari na ni haramu, na kwamba hukunilea hivyo. Nisikilize kwanza. Kuna mchezo niliojifunza kambi ya reli kwa msimamizi mmoja Mgiriki, unaitwa ishirini na moja. Unapewa karata mbili, unazijumlisha, ukitaka unaomba nyingine. Anayekaribia ishirini na moja ndiye mshindi, ukizidi umeungua. Wengi huomba kwa pupa. Mimi nakumbuka zilizokwisha kutoka, kama nilivyokuwa nakumbuka kila kuku wa marehemu mama alitagia wapi. Zikipita ndogo nyingi, najua zilizobaki ni kubwa, natulia, namwacha mwenzangu aungue. Nikasema nitaifuata reli kambi kwa kambi, kama seremala na randa yake.

Jumapili ya kwanza, nyuma ya duka la Mhindi mmoja, nilishinda mchele, tumbaku na doti ya kaniki. Ninafunga mzigo wangu, Mluguru mmoja akanyanyuka.

"Mzigua huyu! Umetoka kwenu na njaa yako uje kutumalizia mchele?" Akaubeba wote. Mwenzake akachukua tumbaku, akanisogezea kidogo puani. "Nusa, mtani, usife na hamu."

Watu walicheka mpaka Mhindi akatoka kutazama. Ningefanya nini? Waluguru ni watani zetu sisi Wazigua, na mtani akikuchukulia kitu huwezi kukasirika mbele za watu. Nilicheka nao. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu nikahamia kwa wapagazi Wanyamwezi, nikasahau kwamba nao ni watani zetu tangu siku za misafara. Hao walinivua hata kanzu, nikarudi na shuka ya kuazima. Nikaenda kwa Mgiriki mwenyewe, asiye mtani wa mtu. Aliponiona nashinda mara tatu, akaanza kuzikusanya karata zote na kuzichanganya upya kila baada ya kugawa, na kumbukumbu yangu ikawa haina kazi. Nimekereka, dada. Kazi naiweza, na kila nikiiweza inanitoka mikononi!

Ndipo nikafanya jambo. Jumapili hii iliyopita walikuja wachezaji wapya wasionijua. Nikawaambia mimi mtu wa Lamu, nisiye na mtani huku. Toka adhuhuri hadi alasiri nilishinda doti tatu, jembe jipya na mbuzi jike. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa namfungua mbuzi alipotokea Kondo wa Mkuyuni, kule milimani kwa akina Zaina, mmoja wa waliochimba kaburi la Zaina. Alikuwa anacheka tayari, mkono umeshashika kamba.

"Mzigua! Mbuzi wangu unampeleka wapi?"

Nikasema, "Umenifananisha, ndugu. Mimi wa Lamu."

Kicheko kikamtoka usoni. Akaiachia kamba. "Samahani, bwana," akasema, kama mtu asiyenijua kabisa, akanipisha njia.

Bwana! Siku ya mazishi mtu huyuhuyo alijilaza kaburini kabla maiti haijashushwa, akakataa kutoka mpaka nimpe tumbaku, na hiyo ndiyo mara pekee niliyocheka siku ile. Na Zaina mwenyewe nilimpataje? Alininyang'anya kofia sokoni Mkuyuni, akaivaa juu ya ushungi, akasema, "Mzigua, hii imekosea kichwa." Sijarudishiwa kofia mpaka leo.

Mbuzi nimemfunga hapa mlangoni, siku ya nne hii, analia. Sina hamu ya kumchinja wala ya kumuuza. Nikiwa mtu wa Lamu, kule milimani mimi ni mgeni tu, na kaburi la mke wangu liko kule.

Kesho ni siku ya soko Mkuyuni. Nitapanda na mbuzi, doti zote na jembe begani, nipite katikati ya watu polepole. Kondo asiponinyang'anya mara ya kwanza, nitazunguka tena. Nikishapokonywa vyote nitalimwagilia maji kaburi la Zaina, kisha nianze safari ya kuja kwako mikono mitupu. Nitafutie kipande cha kulima mihogo. Karata nimemwachia Mhindi.

Nisalimie mama mkubwa, na ukili wake wa mikeka usiokwisha. Nisalimie shemeji, umwambie kanzu aliyonishonea wanayo Wanyamwezi. Mwalimu wetu wa Kurani mpe salamu bila habari za karata.

Ni mimi mdogo wako,
Saidi, Mzigua wa Pangani.