Mahari Yangu ni Laptop, na Iliyonunuliwa Siyo

Shikamoo Bi Kulthum, mshauri wetu mpendwa. Naomba unisaidie maana nimekwama na nyumbani sina wa kumweleza asinicheke. Mimi ni msichana wa Mwanakwerekwe, nimepata nafasi ya kusoma stashahada ya biashara hapa hapa Unguja, na masomo yanaanza mara tu baada ya ndoa yangu na Haitham, kijana anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi, na kuhusu kusoma hana neno, tumeshakubaliana. Basi posa ilipojibiwa baba akamtuma shangazi Mwamvua aje aniulize nataka mahari gani, nami nilikuwa nimeshafikiri siku nyingi kwamba dhahabu sina haja nayo, nikamjibu, "Laptop ya kusomea," halafu nikaona haya nikajifunika ushungi, shangazi akacheka mpaka akatokwa machozi, akaenda kumwambia baba, baba akawaambia wazee wa Haitham, wazee wakamwambia mama yake, na mama yake akampa kazi ya kununua wifi yangu Thuwaiba, kwa sababu kwetu vitu vya bi harusi hununuliwa na wanawake wa upande wa bwana, Haitham mwenyewe hata dukani hakuingia.

Juzi Thuwaiba kanitumia picha kwenye simu na sauti yake ya furaha, "Wifi, nshakuchagulia! Inaendana na sanduku mpaka viatu." Bi Kulthum, kwa picha ya kwenye boksi ni nzuri kweli, nyembamba, rangi ya dhahabu, na boksi lenyewe limeshafungwa kwa nailoni na maua ya waridi, lakini nilipoikuza ile picha nikasoma maandishi ya kwenye boksi nikaona RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB nne na nafasi ya kuhifadhia vitu ni ndogo kuliko ya simu yangu, wakati chuo kimetuambia tuwe na RAM isiyopungua nane kwa sababu kuna programu ya mahesabu tutakayoifanyia kazi muhula mzima, na kompyuta za chuo hazitoshi, asiye na yake anangojea wenzake wamalize. Mama mkwe naye ameshasema nikifeli muhula wa kwanza nikae nyumbani, na hakusema kwa utani. Nilipomwambia mama akanijibu, "Mahari ishakubaliwa, mwanangu. Unataka watu waseme tumelea mtoto ana tamaa? Pokea, nyamaza." Sasa mimi na rafiki yangu Sumaiya tumepanga niipokee, watu wapige vigelegele, halafu nikaiuze sokoni Darajani kimya kimya ninunue iliyotumika yenye nguvu, lakini roho inanisuta na nnaogopa. Nifanye nini?

Yusra, Mwanakwerekwe

MAJIBU YA BI KULTHUM

Marahaba, Yusra. Hongera kwa chuo na kwa mume.

Nianze na kukugombeza. Ungetaka dhahabu ungetaja uzito wake, na shangazi yako angeufikisha vile vile ulivyousema. Umetaka laptop, ukasema "ya kusomea" tu ukajifunika ushungi. Thuwaiba hakukosea kitu. Alitumwa laptop ya bi harusi, akanunua laptop ya bi harusi. Hakuna aliyemwambia kwamba masomo ya bi harusi yanataka mashine yenye nguvu. Haya yako naielewa, ndivyo mnavyolelewa, lakini mahari ni haki yako na anayeijua ni wewe. Shangazi Mwamvua hajui RAM ni kitu gani na si kazi yake kujua.

Mpango wako na Sumaiya uache. Ukishaipokea ni mali yako na unaweza kuiuza mchana kweupe, hilo halina ubishi. Lakini wifi yako atakuja kukutembelea, ataitafuta ile rangi ya dhahabu mezani, na wewe utaanza kutunga. Utaingia kwenye nyumba mpya na uongo ambao hukuwa na sababu ya kuubeba.

Mama yako anaogopa maneno ya watu, namwonea huruma. Mwambie huongezi kitu kwenye mahari, unaeleza kile ulichokitaja. Tena inayokufaa pengine ni rahisi kuliko hiyo. Tafuta zile nyeusi nzito zilizotumika maofisini, hazina uzuri wowote ila zinafanya kazi. RAM nane, diski ya SSD, ile ya kasi, isiyopungua GB 256, na uulize chuoni programu yenu inataka Windows ipi kabla ya kutoa pesa. Dukani ichomoe kwenye umeme uiache iwake huku unakagua mengine, maana umeme ukikatika ndipo utakapoijua betri yako. Bonyeza kila herufi. Fungua Excel, andika, hifadhi. Dai risiti na muda wa dhamana kwa maandishi. Muuzaji akikuambia "usijali dada, niamini mimi," nenda duka la pili.

Hiyo ya dhahabu boksi lake halijafunguliwa, kwa hiyo Thuwaiba aulize dukani kama wanabadilisha au wanarudisha pesa, leo na siyo baada ya harusi. Mshukuru kwanza kwa kuhangaika, kwa moyo, maana amehangaika. Mwambie maua na nailoni avirudishe kwenye hiyo nyingine, wanawake wapate cha kushangilia.

Lakini kabla ya Thuwaiba kuna mtu ambaye katika barua yako yote sikuona mahali ulipozungumza naye kuhusu laptop hii. Unamwogopa mama mkwe, unamwogopa wifi, unaogopa mtaa mzima, na Haitham, ambaye mahari ni ya kwake kuitoa, hajui kwamba kuna tatizo. Huyo ndiye utakayeishi naye. Akikasirika kwa kuambiwa mkewe anahitaji mashine ya kusomea, utakuwa umejua jambo kubwa mapema. Ila mimi nadhani atakuuliza tu, "Sasa kwa nini hukunambia?"

Mpigie leo akitoka kazini. Umpigie wewe mwenyewe, usimtume mtu.