Dengu Nilizomupikia Neema Kabla Hajaondoka

Yaya Feza, dada yangu,

Neema ameenda. Nakuambia hilo kwanza, maana najua ungeuliza habari zake kabla ya zangu.

Baba yake alifika juma lililopita kupitia Chienge, yeye na kaka yake. Tangu tulipokimbia Pweto hatukumuona. Ulipougua, kimya. Tulipokuzika hapa kambini Mantapala mvua ikinyesha, kimya. Sasa ana bibi mupya, ana nyumba, na anataka mutoto wake. Nilienda kwa mukubwa wa bloku. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema mutoto ni wa baba, mama mudogo hawezi kumuzuia. Niliomba jioni moja tu. Wakanipa.

Nikapika dengu zako na kuku wa moshi.

Kuku alikuwa yule mwekundu, wa mwisho katika kuku wako. Wengine waliisha na ugonjwa. Nilimupasua kifua, nikamupaka chumvi na pilipili, nikamulaza kwenye chanja juu ya moshi wa kuni za mupera, kama ulivyojifunza kwa wanawake wanaokausha samaki kule Nchelenge. Walikucheka siku ulipowaomba nafasi kwenye chanja yao. Ukawauliza, kama moshi unamufaa samaki, kuku amekosa nini.

Neema alichambua dengu, akitoa vijiwe. Nilikaanga kitunguu kwa mafuta mekundu ya mawese, nikaponda nyanya, nikatia dengu na maji, mwishoni nikanyofoa kuku vipande vidogo vidogo. Ulikuwa unasema, "Chakula ni dengu. Kuku ni wa kunusa tu." Na kweli, kuku mumoja alitulisha jioni nyingi. Lakini siku ile nilitia nyama yake yote, na mifupa. Ningemubakishia nani?

Shemeji, baba yake Neema, alikula sana. Alimega bukari, akachovya, akamega tena. Akasema mchuzi ni mutamu, Neema akifika akamufundishe mama yake mupya kuupika.

Neema aliinua kichwa. "Mama yangu yuko hapa," akasema. "Huyo sitamufundisha."

Nilifikiri baba yake atamupiga. Alinawa mikono tu, na bukari ilikuwa haijaisha. Nilitaka kumuchukia, Yaya, na namuchukia. Lakini alitoka nje, akasimama akiangalia upande wa makaburi, muda murefu, na hakuuliza lako ni lipi.

Asubuhi nilimusuka Neema nywele. Nilisuka polepole, nikafumua, nikaanza tena, mpaka baba mukubwa wake akaita. Neema alibeba nguo zake na kile kitenge chako cha bluu. Hakulia. Pale barabarani, gari likisubiri, akaniuliza:

"Mama mudogo, mama anabaki na nani?"

Nikamujibu, "Na mimi."

Tangu siku ile nyumba haina sauti. Jana nilipika dengu tupu, maji na chumvi, nikashindwa kuzimaliza. Jirani zetu wanajiandikisha kurudi Congo, wakaja kuniuliza kama na mimi nitarudi. Moyo wangu ulitaka kusema ndiyo. Pweto ningemuona Neema kila siku, hata kwa mbali, akienda kuchota maji. Lakini mutoto aliuliza swali moja tu, nami nikamupa jibu, na akapanda gari kwa sababu ya jibu lile. Nimewaambia sirudi.

Sijui kama nimefanya vizuri. Wewe ungejua.

Kiangazi kikifika nitavuka mupaka kumuona. Nitamwambia mama yake hakuachwa peke yake, kisha nitarudi kwako. Hilo nakuahidi, na sitaki mutu yeyote anionee huruma kwa ajili ya ahadi hiyo.

Lala, Yaya. Kesho nakuja na jembe, majani yamekuzidi.

Mudogo wako,
Furaha