Kaka Njiku, Nimeona Kilichokuwa Kinaunguza Fyuzi

Kaka Njiku,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa mezani kwako, kisha nikasubiri uitikie, kama mjinga.

Ile amplifaya ya gitaa uliyoiunda kwa valvu, zile chupa za kioo zinazowaka, za redio kuukuu ya misheni ya Kilimatinde imepona. Nakuandikia kwa ajili hiyo. Na kwa sababu bado nina hasira, na hapa nyumbani hakuna anayetaka kuisikia.

Jumapili ile mchana, pale baa ya Singida mjini, mwenye baa alikuwa ameshanunua redio kubwa ya kaseti ya Dubai, kama wenzake wote tangu serikali iruhusu bidhaa za nje. Akatuambia bendi yetu ikiharibu tena, ndiyo basi. Fyuzi ya amplifaya ikaungua kwenye wimbo wa kwanza. Ukabadilisha. Kila ulipoongeza sauti, ikaungua tena. Watu wakaanza kurusha vizibo, halafu chupa. Ukaniambia, "Mdogo wangu, imba tu, wasione unaogopa." Nikaimba bila gitaa.

Ulikuwa umepiga magoti nyuma ya sanduku, bisibisi mdomoni, Pius alipopanda jukwaani na kiti cha chuma. Hakuwa adui yako. Mteja tu, mlevi, anataka muziki. Akakupiga kichwani. Ulipojaribu kuinuka akakupiga tena, na tena. Nilimng'ata mkono mpaka nikahisi mfupa, na bado alikuwa anapiga. Damu yako ilikauka juu ya transfoma.

Hukufika hospitali.

Baada ya mazishi Mama alisema, "Litoe hilo sanduku, nisilione." Nikachukua nyundo. Lakini mikono imezoea kazi zako. Nikaunganisha kwanza balbu ya taa kwenye waya wa umeme, kama ulivyonifundisha, ili kukiwa na shoti balbu iwake kweupe, isiungue fyuzi. Ikawaka kwa mbali tu. Nikachomoa valvu moja moja, nikazirudisha. Hakuna kosa. Yaani wamekuua kwa kitu ambacho hakipo? Nikaipiga nyundo ubavuni kwa nguvu zangu zote.

Balbu ikawaka kweupe. Nikapiga tena, ikawaka tena.

Ni waya wa transfoma ya spika, kaka. Ulipita chini ya skrubu ukachubuka. Sauti ikiwa kubwa sanduku linatetemeka, waya unagusa chuma, fyuzi inaungua. Basi. Kitu cha kufunga kwa kipande cha mpira.

Nikaufunga. Nikapiga gitaa lako mpaka vioo vya dirisha vikalia. Mama akaja mbio kutoka uani na mchi mkononi, nikajua anakuja kuvunja. Akasimama mlangoni. Kisha akakaa sakafuni, mchi mapajani, akalia. Nilipotaka kuzima akasema, "Acha. Ongeza."

Kesi ya Pius inakaribia na mimi ni shahidi. Mama anataka nimsamehe. Siwezi, na wewe usinidai hilo. Nikifumba macho, kile kiti nimekishika mimi, na aliye chini ni yeye.

Pumzika, kaka yangu. Ninalokuahidi ni hili: nitasimama mahakamani nieleze alivyokupiga, bila kuongeza hata pigo moja.

Mdogo wako,
Mariamu