Fimbo ya Bi Nura

Ruwais, Jeddah

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lasemaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa wapanda ngazi za msikiti bila kushikwa, nikafurahi mno. Mimi ni mzima. Tangu tuhame Riyadh kuja huku kwa Bi Nura, mama yake madam, kazi yangu kubwa ni kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu na kubishana naye. Twapendana.

Mama aliniambia pia la mdogo wangu Riziki. Kwamba amechaguliwa kuigiza mchezo wa shule, na wewe umeapa kwenda kwa mwalimu mkuu atolewe. Usikasirike Baba, nisikilize kwanza.

Juzi baada ya Alasiri, Bi Nura aliniambia, "Yalla, masrah!" Mimi nikasikia masihara. Nikamwuliza, masihara gani tena Bibi, na hizi nguo zangojea pasi? Kumbe masrah ni ukumbi wa michezo ya kuigiza! Nilicheka peke yangu, maana nawe siku zote waiita michezo hiyo masihara ya shetani.

Mjukuu wake wa kike, Rim, alikuwa akiigiza na wenziwe wa chuo. Bi Nura alikwenda kwa shingo upande. Huyu ni mtu aliyekuwa akiifunika televisheni kwa shuka! Njiani akaniambia, "Nikigonga fimbo mara mbili, nitoe upesi."

Mchezo ulikuwa wa London ya zamani, enzi za Malkia Victoria. Rim, na ndevu zake za pamba, alikuwa mhubiri anayesimama mlangoni pa ukumbi akifukuza wanawake, kwani kwake kila anayeingia ni malaya. Akaja fundi cherehani mmoja kumtazama mwanawe akiimba. Mhubiri akamshika mkono, akamtangaza mbele ya watu, na tangu siku ile hakuna aliyempa nguo ya kushona. Mtoto akabaki jukwaani akimtafuta mamake kwa macho.

Baba, nililia. Nilijiona mimi, darasa la saba, siku uliposimama mlangoni pa ukumbi wa shule ukaniita, nikashuka na lile taji la karatasi kichwani, watu wote wakinitazama. Sijawahi kukuambia. Iliniuma sana.

Mara nikasikia ko! ko! Bi Nura amegonga. Haya, nikaachia breki, nikageuza kiti. Akanichapa mkono. "Mafi, mafi!" yaani hapana, hapana. "Wanipeleka wapi? Nampigia makofi mtoto wangu!" Mkono wake mmoja hauna nguvu, Baba, kwa hivyo makofi yake ni fimbo. Na nikabu yake ilikuwa imelowa machozi.

Nakuomba, usiende kwa mwalimu mkuu. Nenda ukumbini na bakora yako, ukae kiti cha mbele. Ukiona la haramu, mtoe Riziki, nami sitasema neno. Lakini kaa mpaka mwisho.

Nisalimie Mama, na shangazi mpika mahamri, na jirani yetu fundi baiskeli, mwambie asiache kuniombea dua. Riziki mwambie afungue sanduku langu, chini kabisa, ndani ya kanga ya kijani. Taji lile bado lipo.

Mama atanipigia simu aniambie umegonga mara ngapi.

Mwanao akupendaye,
Mwanajuma