Shemeji na Sindano

Mwenzangu, niko chooni kwa dada, nimejifungia nicheke.

Tulikuwa tunatazama filamu moja ya zamani, kijana mpole anaonewa bwenini kwa sababu anapenda kushona. Shemeji akasonya: "Mwanamume gani huyu anashika sindano!"

Shemeji! Fundi cherehani! Futi shingoni, gauni la bibi harusi mapajani!

Dada akamwambia polepole, "Basi lete hilo gauni, nimalizie mimi."

Eti yeye hashoni, anafanya kazi. Kazi!

Mwisho kijana akafukuzwa shule. Nageuka, shemeji analia kwikwi, anajifuta kwa pindo la gauni. Na bibi harusi mwenyewe analifuata saa kumi!

Sasa hivi ananigongea mlango: "Shemeji, tafadhali, usimwambie mtu."

Nimemwapia.