Majibu Thelathini Bila Njia

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji. Kwanza niambie habari za mgongo wako: dawa zimesaidia, au bado unainuka kitini kwa awamu? Sisi huku tu wazima. Binti yako amerefuka, viatu nilivyomnunulia alipofika vimeanza kumbana. Mimi mwili mzima, ila chakula hakipiti.

Uliniuliza mbona sisemi lolote kuhusu shule. Nilikuwa nakukwepa, dada.

Huku mtoto mgeni hapangiwi darasa kwa cheti cha kwao. Anapewa mtihani wa hesabu kwanza. Binti yetu kwa hesabu unamjua, hashikiki: maswali thelathini, yote kapata. Nikajua tutashangilia, kumbe tumejipalia makaa. Mkuu wa somo la hesabu, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, alituita ofisini akaweka karatasi mezani. Nyeupe pe! Majibu tu, kila moja limepigiwa mistari miwili kwa rula. Akaeleza kwamba kwao jibu lina alama moja na njia ina alama nne, na kwamba mtoto mwenye majibu matupu yaliyo sahihi yote hawana namna ila kumshuku kuwa amenakili.

Unamkumbuka Mwalimu Rula, aliyetufundisha sote wawili na sasa kamfundisha na mwanao. Akiona rafu, yaani hesabu za kukokotoa, kwenye karatasi, anakata alama tano za uchafu. Tulikuwa tunakokotoa pembeni kwa penseli, tunafuta, tunapuliza vumbi la raba. Kwetu huo ndio usomi wenyewe.

Binti yako alieleza kwamba alikokotoa kwa penseli kisha akafuta, akaulizwa nani kamfundisha kufuta. Akajibu kwamba hakuna, ni mazoea yake tu. Hawakumwamini. Kesho saa nne kuna kikao. Wakimtia hatiani anarudishwa madarasa mawili, na neno udanganyifu linaingia kwenye faili lake mpaka amalize shule.

Dada, mimi ndiye niliyemwambia afute. Asubuhi ya mtihani nilimchongea penseli, nikamtilia raba mpya mfukoni, nikamwonya asiniaibishe kwa karatasi chafu. Na pale ofisini ningesema neno moja tu, kwamba wampe chaki atatue mbele yao. Nilinyamaza. Nina wiki tatu za majaribio kama msaidizi wa hesabu katika shule hiyohiyo, na mama yule ndiye atakayeamua kama nabaki. Niliogopa ajue kwamba hata mimi sikujua wanavyosahihisha. Nilimwangalia mtoto wako akiitwa mwizi, nikatazama sakafu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani hakunilaumu. Aliniuliza kama kazi yangu bado ipo. Nilikosa pa kuficha uso.

Kesho nataka niingie kwenye kikao hicho niseme yote kabla yeye hajaulizwa. Lakini mwoga najijua, ndiyo maana barua hii naiposti leo, kabla posta haijafungwa. Ikishatoka mkononi mwangu sina tena pa kurudi nyuma.

Msalimie shemeji, na mama mwambie namkumbuka. Unikasirikie mimi utakavyo. Mtoto hana kosa, alikuwa ananilinda.

Mdogo wako